Maua ya Mkebe: Historia Fupi ya Vibaraza vya Kegonga

Ukiuliza historia ya Kegonga, watu watakuelekeza kwa vitu vikubwa. Watakuonyesha barabara ya kwenda Kehancha, ofisi za serikali, mabanda ya kukaushia tumbaku, na upande ule mpaka wa Tanzania uliko. Hakuna atakayekwambia uangalie mikebe.

Basi leo tuangalie mikebe. Mkebe wa Kimbo wenye kutu, ndoo ya Kasuku iliyopasuka mdomo, sufuria iliyotoboka, karai la zamani, jerikeni lililokatwa nusu. Vyote vimepangwa kibarazani, pale maji ya mabati hudondokea, na ndani yake mna mimea ambayo hailiwi, haiuzwi wala haitibu chochote. Ni maua tu. Mengine mekundu, mengine ya waridi, mengine ni majani yenye mistari yanayoning'inia kama nywele ambazo hazijasukwa.

Nairobi siku hizi mambo haya yana jina na yana bei. Kila keja ina mmea kwenye kona, mmea una chungu cheupe, na chungu kina picha yake Instagram. Ati ni mtindo mpya. Mimi sina shida na mtindo, lakini upya huo ndio nataka tuuongelee, kwa sababu mama wa Kegonga amekuwa akifanya hivyo hivyo kwa miaka mingi, bila chungu cheupe na bila picha. Na mimea anayoifuga, pamoja na ile unayonunua dukani kwa bei ya jogoo mzima, ina historia ambayo wengi wetu hatukuwahi kufunzwa. Kabla sijaacha chuo, historia niliyosomeshwa ilikuwa ya reli, mikataba na vita. Ua halikutajwa hata mara moja.

Shambani na kibarazani

Kwanza tuelewe ua lina maana gani mahali kama hapa. Tangu miaka ya 1970, tumbaku imekuwa zao la pesa katika sehemu nyingi za Kuria. Mmea wa tumbaku ukiachiwa hutoa ua zuri sana, la waridi iliyofifia, lenye umbo la tarumbeta ndogo. Lakini mkulima haliachi likue. Likichomoza tu, analikata, ili nguvu ya mmea irudi kwenye majani, maana pesa iko kwenye jani. Kisha jani linahitaji kukaushwa, moto unahitaji kuni, na kuni ni miti. Kwa hivyo shambani ua ni hasara, kitu cha kuondolewa mapema kabla hakijakula faida.

Hatua ishirini kutoka hapo, mama wa boma hilo hilo anamwagilia ua kwa maji aliyosuuzia vyombo. Halimwingizii shilingi. Jirani akipita atalisifu, na akilipenda zaidi ataomba kipandikizi, atavunjiwa kijiti, aende nacho kwake amekishika mkononi kama mshumaa. Hivyo ndivyo maua ya Kegonga yanavyosambaa. Hakuna kitalu na hakuna duka. Ukichora ramani ya nani alimpa nani kipandikizi, utakuwa umechora urafiki wa kijiji kizima: wake wenza, mashemeji, wanakwaya, na watu ambao hawasalimiani tena lakini maua yao bado ni ndugu.

Kuna jambo lingine. Shamba lina mwenyewe, na kwa mila mwenyewe ni mwanamume. Baba akifa, ardhi huenda kwa wana wa kiume. Katiba ya 2010 inasema vingine, lakini Katiba haishiki jembe, na kwenye maboma mengi mambo bado yanaamuliwa kwa desturi. Mkebe, kwa upande wake, hauna hatimiliki. Hakuna mzee anayeitwa kuja kupima mipaka ya ndoo ya Kasuku. Shangazi yangu alipoacha ndoa yake na kurudi kwao, alishuka kwenye matatu na watoto wawili, begi moja, na mikebe minne ya maua ndani ya karatasi ya nailoni. Nilikuwa mdogo, nikashangaa mtu anaachaje viti na kabati halafu anabeba maua. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu kama mtu anayeeleza kitu rahisi: "Viti nilivikuta kwao, mwanangu. Haya niliyapanda mwenyewe."

Ndiyo maana siwezi kuyaita mapambo tu. Kwa wanawake wengi, bustani ya mkebe ndiyo bustani pekee ambayo hakuna wa kuwafukuza humo.

Nani alituambia maua ni ya wazungu?

Hata hivyo, utasikia watu wakisema Mwafrika hana habari na maua, kwamba hayo ni mambo ya wazungu. Msemo huu una mahali ulikotoka.

Fikiria shule yako ya msingi. Mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu palikuwa na duara la maua, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Wewe na wenzako mlibeba maji kutoka nyumbani kuyamwagilia, na aliyekanyaga pale alichapwa. Duara la namna hiyo hiyo lilikuwa kwa chifu, kwenye zahanati, kwenye misheni. Mpango huo wa mawe meupe na maua yaliyosimama kwa mstari ni urithi wa ukoloni. Bustani ya bwana mkubwa na ya mmishonari ilikuwa somo: hivi ndivyo mahali pastaarabu panavyoonekana. Katika Nyanza Kusini, Waadventista walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na misheni za madhehebu mengine zikafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikianzisha vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, mafunzo yalikuwa ya kushona, kupika, usafi na kutunza nyumba. Nyumba nzuri ilikuwa na ratiba yake, na ratiba hiyo iliandikwa na mgeni.

Pia ni kweli kwamba mimea mingi iliyopandwa kwenye maduara yale ilitoka mbali. Jakaranda na bogenvilia asili yake ni Amerika Kusini. Lile ua jekundu la Krismasi linaloota kando ya makanisa yetu hadi kuwa mti ni la Meksiko. Kwa hivyo mtoto aliyekuwa akibeba maji alijifunza mambo mawili kwa pamoja: ua limetoka ng'ambo, na ua ni la ofisi.

Lakini hadithi ina upande wa pili, na huo ndio hatukuambiwa. Wakati maua ya ng'ambo yalikuwa yanashuka melini, ya kwetu yalikuwa yanapanda.

Yaliyoondoka

Mmea wa ndani ya nyumba, kama tunavyoujua leo, ulizaliwa na baridi. Huko Ulaya, miezi kadhaa ya mwaka hakuna kinachochanua nje. Mtu akitaka kuona kijani kibichi mwezi wa Januari, inabidi akifuge ndani, karibu na dirisha, kwenye joto la nyumba. Na mimea inayopenda joto la mwaka mzima ni ipi? Ni ya huku kwetu, na ya nchi nyingine zenye hali ya hewa kama yetu. Sebule yenye moto ni jaribio la kuiga hewa ambayo mtu wa Kegonga anaipata bure akifungua mlango.

Shida ilikuwa usafiri. Mimea ilikufa baharini kwa chumvi na kiu. Mwaka 1829, daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alifungia buu la nondo ndani ya chupa yenye udongo unyevu, akaona jimbi likiota humo lenyewe bila kumwagiliwa. Maji yalipanda kama mvuke, yakagusa kioo, yakashuka tena. Akatengeneza masanduku ya vioo kwa kanuni hiyo, na mwaka 1833 akayajaribu kwa safari ya meli hadi Australia. Mimea ilifika hai. Kuanzia hapo masanduku hayo yalibeba mimea kutoka kila koloni hadi kila bustani ya utafiti.

Sasa chukua lile ua la kibarazani lenye shina laini la maji, maua bapa ya waridi au mekundu, na vitumba vya mbegu vinavyopasuka ukivigusa. Kila kijiji kinalo. Linaota lenyewe katika misitu yenye unyevu ya Afrika Mashariki. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alilituma kwenye bustani ya Kew, London, na mwaka 1882 mtaalamu Joseph Hooker akalipa jina Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wakati huo aliyetawala alikuwa Barghash bin Said. Sehemu ya kwanza ya jina ni Kilatini, maana yake asiye na subira, kwa sababu ya zile mbegu. Baadaye wataalamu waliona kwamba mmea huo ulikuwa tayari umepewa jina jingine miaka ya 1860, la kumtukuza mmishonari Horace Waller, na kwa kanuni zao jina la zamani ndilo linaloshinda. Kwa hivyo Sultani alimpisha mmishonari. Miaka ya 1960, Claude Hope, Mmarekani aliyekuwa akizalisha mbegu Costa Rica, alitoa aina fupi zinazochanua sana, na ua letu likawa miongoni mwa maua yanayopandwa zaidi kwenye bustani za Marekani.

Au chukua kile kimea kidogo chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, ambacho ng'ambo ni zawadi ya kawaida ya kumpelekea bibi. Kwao ni milima ya Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya wa Kijerumani aliyekaa Tanga, alimtumia baba yake Ujerumani mimea hiyo, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akaipa jina la ukoo huo: Saintpaulia. Miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kiliagiza mbegu kutoka Ulaya na kuchagua aina za kuuza. Mwaka 1946 Wamarekani wakaunda chama kizima cha wapenzi wa mmea huo. Leo uko kwenye madirisha mengi mno duniani, huku ndugu zake wa porini, kule Usambara na kwetu Taita, wakibaki kwenye vipande vya msitu vinavyozidi kupungua. Mwaka 2015 wataalamu waliiweka kwenye jenasi nyingine, kwa hivyo hata jina la baba mtu si rasmi tena.

Na ule mmea wenye majani manene yanayong'aa, ambao kila ofisi ya Westlands inao kwa sababu haufi? Unaota wenyewe kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Wataalamu wa Ulaya waliujua tangu karne ya 19, lakini ni vitalu vya Uholanzi vilivyoanza kuuzalisha kwa wingi mwaka 1996. Ukiununua Nairobi ukidhani umenunua kitu cha Ulaya, umenunua jirani wa Mpwani aliyepitia Uholanzi.

Sisemi wezi walikuja. Mmea ukikatwa kipandikizi haupungui, na mama wa Kegonga anajua hilo kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba katika safari hizi zote, aliyeupokea mmea aliandikwa jina, na aliyekuwa akipita kando yake kila siku hakuandikwa. Halafu sisi wajukuu tukaambiwa hatuna habari na maua.

Ua lililotoroka

Usidhani safari za maua huishia kibarazani kila mara. Teremka kutoka Kegonga ufuate mito. Maji ya huku huishia Ziwa Victoria, na ziwani, upande wa Homa Bay, kuna ua lingine lenye historia.

Gugu maji ni la Amerika Kusini, bonde la Amazon. Lina ua la zambarau hafifu, zuri hasa, na uzuri huo ndio ulioliponza. Watu walilibeba duniani kote kama pambo la vidimbwi. Katika Ziwa Victoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na inaaminika liliingia kwa Mto Kagera. Ndani ya miaka michache lilikuwa limefunika sehemu za ghuba ya Winam. Boti zilikwama Homa Bay, nyavu zikashindwa kutoka, bei ya samaki ikayumba, mbu na konokono wakapata makao. Neno ua lina maana nyingi katika Kiswahili: ni chanuo la mmea, ni uzio wa boma, na ni amri ya kuondoa uhai. Wavuvi wa Homa Bay waliyaona yote matatu kwa kitu kimoja.

Mwaka 1997 Kenya ilianza kuachilia fukusi wanaokula mmea huo peke yake, na kufikia mwisho wa muongo ulikuwa umepungua sana. Haukuisha. Hurudi, hasa mvua kubwa zinaposomba mbolea na udongo kutoka mashambani, na hapo ndipo Kegonga inaingia tena kwenye hadithi: mbolea tunayomwaga juu kwenye tumbaku na mahindi ni chakula cha gugu kule chini.

Lakini watu wa ziwa hawakukaa kulia tu. Tangu miaka ya 1990, mafundi wa Kisumu wamekuwa wakivuna mashina ya gugu maji, wanayakausha juani hadi yawe kama kamba za ngozi, kisha wanasuka vikapu, viti, vivuli vya taa, hata kutengeneza karatasi. Hawawezi kulimaliza ziwani kwa kusuka. Ila kikapu kimoja cha gugu maji kwenye keja yako kina historia nzito kuliko vyungu vyote vya dukani.

Chombo kinachoota

Tukiongelea ufundi wa mimea, turudi nyumbani kwa kibuyu. Kabla ya mkebe wa Kimbo kulikuwa na kibuyu, na asili ya mmea wake ni Afrika. Wakuria, kama majirani zao, wametumia vibuyu kwa maziwa, uji, pombe na mbegu. Kutengeneza kimoja ni kazi ya subira. Unaliacha tunda likauke, unatoboa mdomo, unajaza maji ili nyama ya ndani ioze, unakokota kwa kijiti na changarawe, unaosha na kuanika, unarudia mpaka harufu iishe. Anayetaka nakshi huichora kwa ncha ya chuma cha moto.

Plastiki ilipofika, vibuyu vingi vilipanda juu ya kabati. Ila fikiria: ni chombo kinachoota chenyewe, hakiagizwi, na kikivunjika kinarudi udongoni. Kikate juu, toboa matundu chini, kininginize kwa kamba ya katani, tayari una chungu. Kitadumu miaka michache tu kwa sababu ya unyevu, lakini ndani yake kuna mbegu za kingine.

Sasa, kama unataka kuanza

Huhitaji pesa. Tafuta mkebe, geuza, piga matundu matano kwa msumari. Maji yasipotoka, mizizi itaoza, na mimea mingi ya ndani hufa kwa kunyweshwa kuliko kwa kiu. Weka kokoto kidogo, kisha udongo mweusi uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Lile ua la Sultani, vunja kijiti urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji. Baada ya wiki moja au mbili litatoa mizizi. Mpe kivuli, lisipigwe na jua la saa sita. Ule mmea wa ofisini, hata jani moja dogo ukilichomeka udongoni litatoa kiazi na kuwa mmea, ila itachukua miezi, kwa hivyo usilichimbuechimbue kuchungulia. Usiufuge karibu na mtoto anayetafuna kila kitu, maana utomvu wake unawasha.

Kwetu hakuna msimu wa theluji wa kungoja. Mvua ndefu zikianza Machi unapanda, mvua fupi zikija unapanda tena, na Januari na Februari kukikauka, maji uliyosuuzia mchele yanatosha.

Gugu maji usilipeleke nyumbani likiwa hai, hata kama ua lake limekupendeza vipi. Subiri lisukwe.

Na kipandikizi cha kwanza usikinunue. Kiombe kwa mtu: mathe wa geti la pili, mlinzi anayefuga maua kando ya kibanda chake, nyanya yako ukienda ushago. Muulize alikitoa kwa nani. Kisha chukua msumari ule ule uliotobolea matundu, ukwaruze jina la huyo mtu kwenye bati la mkebe, na mwaka pembeni. Kew wana rejista zao za kila mmea ulioingia na aliyeutuma. Sisi tuanze na zetu.